Bibi Asiyekuwemo Kitabuni

Mwanaidi alinikasirisha kwa mara ya tatu Jumamosi ile, saa sita mchana, nikiwa nimekaa juu ya mashua iliyopinduliwa pale Kirumba, Mwanza, mikono imejaa lami.

Mara ya kwanza nilipokisoma kitabu kile nilisema labda sikuelewa, maana shule mimi niliishia darasa la nne. Mara ya pili nikasema labda nilisoma kwa pupa. Safari hii nilisoma neno kwa neno, kidole chini ya mstari, na mambo yalikuwa yale yale. Mwanaidi, binti wa tajiri wa Pangani, anampenda fundi saa. Fundi saa anampenda Mwanaidi. Kurasa mia na arobaini wanapendana. Halafu baba mtu anakohoa mara moja tu, na ukurasa wa mwisho Mwanaidi anamwambia fundi: "Nenda zako. Baba amesema." Anaolewa na binamu yake, fundi anaondoka na mfuko wake wa bisibisi, kitabu kimekwisha.

"Mjinga mkubwa huyu!" nilisema.

"Nani?" aliuliza Nkwabi, mwenzangu wa kazi, aliyekuwa akisukuma pamba kati ya mbao kwa patasi.

"Mwanaidi."

"Wa kwenye kitabu?"

"Kuna mwingine?"

Nkwabi alicheka hadi nyundo ikamtoka. "Wenzako wanagombana na wake zao. Wewe unagombana na karatasi."

Hakujua. Mimi sikuwa nagombana na karatasi. Ndani ya kitabu kile, pale pale kwenye ukurasa wa mwisho, kulikuwa na kipande cha ukindu mwekundu, na aliyekiweka alikuwa Sihaba.

Sihaba alikuwa binti wa Mzee Abeid, mfanyabiashara wa samaki wakavu. Mwezi wa tano mwaka ule, mwaka mmoja kabla ya Uhuru, baba yake alituletea mashua kuitengeneza, na yeye akawa anakuja na maagizo ya baba yake. Siku ya kwanza alinikuta nasoma kipande cha gazeti kilichofungiwa misumari. Mimi husoma kwa kusimama kila neno. Watu wote huchoka nami, hunimalizia neno kabla sijafika, na mtu akinimalizia neno hunitia hasira siku nzima. Sihaba alisimama na kikapu chake, akasubiri. Nilimaliza mstari ule mwenyewe, hadi nukta. Hapo ndipo nilipokwisha.

Baadaye alianza kuniazima kitabu chake hicho kimoja. Kila Ijumaa alinipa, kila Jumatano nilimrudishia, na kila kiliporudi kwangu kilikuwa na kipande cha ukindu ndani, ule wanaosukia mikeka nyumbani kwao. Wiki ya kwanza ukindu ulikuwa pale Mwanaidi na fundi wanapocheka mvuani. Nililala nimefurahi. Wiki nyingine ulikuwa pale anapompa leso. Nami nikawa namjibu. Niliutoa, nikauhamishia pale fundi anaposema "sitamwacha", nikarudisha kitabu bila neno. Tulizungumza hivyo miezi mitatu. Nilimwambia pia kwa mdomo, maana mimi si mtu wa kuzungukazunguka: nitawatuma wazee wangu kutoka Kisesa, na mambo ya dini yenu nitajifunza. Akasema, "Subiri. Nitakuambia lini."

Nilisubiri. Na jibu ndilo hilo lililokuja: ukindu mwekundu juu ya "Nenda zako. Baba amesema."

Bado nimeushika ukindu ule, Mzee Abeid akaingia bandani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mashua yangu vipi?"

"Imebaki mistari miwili ya kuziba."

"Izibe leo leo. Dada yangu Mwaija amekuja kutoka Tabora, kesho anataka kulitembea ziwa. Alione Jiwe la Bismaki, aone mtaa wa Kapripointi, wapate mahali wale pilau. Mama yangu naye anakwenda. Utawapeleka wewe na Nkwabi." Akatabasamu. "Mwaija amekuja na maneno ya heri. Anamtaka Sihaba kwa mwanawe Salehe. Jumanne huenda wakapanda treni pamoja."

Aliniambia mimi! Mbele ya uso wangu, kama mtu anayeagiza misumari. Nikasema, "Vizuri, Mzee." Akaondoka, nikashika patasi, nikaziba ile mistari miwili nikiwa siioni. Pamba iliingia nusu. Sikuangalia mara ya pili.

*

Jumamosi jioni watu wa Mwanza walikuwa na mahali pao pa kwenda: bandarini, kuitazama meli ya Bukoba ikipakia. Nilijua mgeni wa Tabora lazima atapelekwa. Nilinawa mikono kwa mafuta ya taa, nikavaa shati safi, nikaenda na hasira yangu.

Niliwakuta karibu na mafungu ya ndizi. Shangazi Mwaija alikuwa mwanamke mrefu, amejifunga kanga mpya zisizofuliwa bado, anauliza kwa sauti kama meli ile inaweza kuzama. Bibi yake Sihaba, Bi Moza, alikuwa amekaa juu ya sanduku la mtu, mdogo, uso una makovu ya ndui ya zamani, anakunywa chai ya tangawizi kutoka chupa yake mwenyewe. Sihaba alisimama nyuma yao.

Aliniona. Macho yake yalitulia kwangu kidogo, kisha yakahamia kwenye meli. Nilisogea hadi nikawa nimesimama ubavuni pake, nami nikaitazama meli.

"Nimelipata jibu lako," nilisema.

"Jibu gani?"

"Usinifanye mtoto. Miezi mitatu umenichezea, halafu unashindwa hata kufungua mdomo?"

"Luhaga, punguza sauti."

"Sipunguzi. Huyo Salehe unamjua? Umewahi kumwona?"

"Nilimwona nikiwa na miaka sita. Alinitupia embe bovu."

"Na bado unakwenda!"

"Nani amesema nakwenda?" Aligeuka, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba na yeye amekasirika. "Sikiliza. Kesho uje na kitabu. Usikisahau. Na kesho, nakuomba, ukae kimya. Siku moja tu katika maisha yako."

"Nikae kimya?"

"Kimya. Piga kasia, tazama maji."

"Sihaba!" aliita shangazi. "Unazungumza na nani?"

"Ni fundi wa mashua, Shangazi. Namuuliza kama kesho kutakuwa na mawimbi."

"Na anasemaje?"

"Anasema yatakuwepo," nilijibu mwenyewe, nikaondoka.

Kaa kimya! Mtu anaichukua furaha yako, anampa mtu wa embe bovu, halafu anakuagiza umpigie kasia ukiwa umefunga mdomo. Nilikwenda nyumbani sikuweza kula.

*

Jumapili ziwa lilikuwa limetulia kama maji ya kwenye karai. Nalo likanikasirisha, maana nilikuwa nimesema kutakuwa na mawimbi.

Wanawake walikaa katikati, na sufuria la pilau, na samaki wa kukaanga ndani ya kikapu. Nkwabi alikuwa mbele, mimi nyuma. Kitabu nilimpa Sihaba bila kumtazama. Akakifungua, akatafuta, akavuta pumzi kama mtu aliyepata alichokipoteza. Nikazidi kuumia.

Tulipofika kwenye Jiwe la Bismaki, Nkwabi aliinua kasia, mashua ikaenda yenyewe. Lile jiwe limekaa juu ya mengine majini, kama limewekwa na mtu ambaye atarudi kulichukua.

"Ndilo hili?" aliuliza Shangazi Mwaija. "Nimepanda treni usiku kucha kuja kutazama jiwe juu ya jiwe?"

"Tabora hata la chini halipo," alisema Bi Moza.

"Lisije likatuangukia, Mama."

"Halijaanguka tangu Mungu aliweke," nilisema.

"Nani amekuuliza, fundi?"

Sihaba alinitazama. Kimya, yalisema macho yake. Nikapiga kasia kwa nguvu hadi Nkwabi akaloa.

Tulipita Kapripointi, shangazi akahesabu nyumba zenye bustani na kuuliza nani anafagia majani yote yale. Kisha tukazunguka hadi kwenye kighuba kidogo chenye mchanga, mawe makubwa pande zote. Pimbi walikuwa wamelala juu ya mawe wanaota jua. Shangazi alipomwona wa kwanza alipiga kelele kwamba ni panya wa majini, pimbi wakakimbia wote, na Bi Moza akacheka hadi akapaliwa. Mkeka ukatandikwa. Wakala. Mimi na Nkwabi tulipewa sahani yetu pembeni, nikakaa kwenye ukingo wa mashua nikijifanya nafunga kamba. Pilau lilikuwa zuri. Sikulisifu.

"Haya," alisema Bi Moza, akijifuta vidole. "Sihaba, kitabu. Alhamisi uliniacha pabaya."

"Kitabu gani, Mama?" aliuliza shangazi.

"Huyu hutusomea kila Alhamisi tukisuka mikeka. Miezi mitatu sasa. Kuna binti, Mwanaidi, na kuna fundi saa, mtu wa bara. Maskini, mikono ya lami, lakini hasemi uongo hata ukimpa kiti cha enzi. Leo ndipo tunajua kama atapewa mke."

Mimi nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hasikii vizuri. Nilipaswa kujiuliza fundi saa gani ana lami mikononi. Sikujiuliza.

Sihaba alifungua penye ule ukindu. Akaanza kusoma.

"'Baba yake Mwanaidi alisimama mlangoni, akamwambia fundi: Nenda zako. Lakini kabla fundi hajavuka kizingiti, bibi yake Mwanaidi aliweka chini kikombe chake, akanyanyuka mkekani...'"

"Huyo!" alisema Bi Moza, akipiga paja. "Huyo ndiye mtu wangu. Kitabu kizima mwenye akili ni yeye peke yake."

"'...akasema: Mwanangu, huyu aliyesimama hapa amekosa nini? Mimi niliyekuzaa...'"

Kamba ilinitoka mkononi. Nilisikiliza mstari mmoja zaidi ili nihakikishe. Kisha nikasimama.

"Bibi gani?" niliuliza.

Wote walinigeukia.

"Luhaga," alisema Sihaba taratibu.

"Hapana. Bibi gani huyo? Kitabu hicho nimekisoma mara tatu, mara ya tatu jana. Mwanaidi ana baba. Ana mama, amekufa ukurasa wa kumi. Ana binamu. Bibi hayumo! Hayo unayosoma hayamo!"

Uso wa Sihaba ulipoteza damu. Hakunikasirikia. Hilo ndilo lililonitisha. Alinitazama kama mtu anayeona nyumba yake inaungua na aliyeshika kiberiti ni ndugu yake.

Shangazi Mwaija alikuwa wa kwanza kupata sauti.

"Ahaa! Sihaba, kumbe unamsomea bibi yako uongo? Mama mtu mzima, unamkalisha chini kila Alhamisi, unamtungia?"

"Shangazi, mimi..."

"Nyamaza. Lete hapa." Alikichukua kitabu, akakitazama, akakigeuza. "Msahafu nimeusoma tangu utotoni, lakini herufi hizi za shule sizijui. Mama naye hazijui. Wewe mwenye makasia?"

"Mimi najua kuandika jina langu," alisema Nkwabi. "Tena nusu."

"Basi wewe, fundi, unayejua kila kitu. Njoo hapa. Tusomee ukurasa wa mwisho, neno kwa neno, tujue huyo binti aliamua nini. Na kama alimtii baba yake," akamnyooshea Sihaba kidole, "basi kitabu chako mwenyewe kimekuhukumu. Jumanne utapanda treni na mimi, tena bila machozi."

Nilikwenda, nikakishika kitabu. Nilipiga goti pembeni ya mkeka, nikaweka kidole chini ya mstari kama kawaida yangu.

*Nenda zako. Baba amesema.*

Na hapo, nikiwa nimeyatazama maneno yale, ndipo mzigo wote uliponiangukia kichwani. Mimi ni mzito, lakini nikielewa naelewa kweli. Fundi saa wa kitabuni ni mtu wa Pangani, ana maneno matamu na mikono laini. Aliyempaka lami ni nani? Aliyemtoa bara ni nani? Mwanamke mmoja mzee alikuwa anasuka mikeka, na msichana mmoja alimsomea, Alhamisi baada ya Alhamisi, akiniingiza mimi ndani ya nyumba ile ukurasa kwa ukurasa, ili siku nitakapobisha hodi nisiwe mgeni. Ndiyo maana alisema subiri. Ndiyo maana alisema kimya. Na hakuniambia mpango wake kwa sababu alinijua: ningesema huo ni uongo, nami siutaki.

Niliinua macho. Sihaba alikuwa ameyashusha yake mchangani. Hakuniomba chochote. Alikuwa anasubiri nimalize mstari, kama siku ile ya kwanza.

Mimi sijawahi kusema neno lisilokuwepo. Nimepoteza kazi mbili kwa sababu hiyo.

"'Nenda...'" nilisoma.

"Endelea," alisema shangazi.

"'Nenda... nenda kamwite baba, alisema Mwanaidi. Na bibi naye asiondoke.'"

"Si umesema bibi hayumo?"

"Nilikosea. Kumbe yumo. Yumo ukurasa wa mwisho."

Nkwabi alikohoa. Nilibandika kidole kwenye karatasi, nikakishindilia pale pale.

"'Bibi akamtazama fundi. Akasema: Una nini wewe? Fundi akasema: Sina ng'ombe wengi. Nina mikono. Bibi akasema: Na dini? Fundi akasema: Nitajifunza kama nilivyojifunza kusoma. Polepole. Lakini nilichokwisha kujifunza sikiachi. Bibi akasema: Nasikia una hasira. Fundi akasema: Ninayo. Nikikasirika nasema, sipigi.'"

Jasho lilinidondoka juu ya karatasi.

"'Bibi akasema: Wasichana wamejaa mji huu. Kwa nini huyu? Fundi akasema...'" Hapo nilisimamisha kidole. Sikuwa nimejiandaa. "'Fundi akasema: Kwa sababu wote hunimalizia maneno. Huyu peke yake hunisubiri.'"

Sihaba aliinua uso. Sitausahau ule mtazamo. Nimeuona mara nyingi tangu siku ile, lakini siku ile ulikuwa mpya.

"Halafu?" aliuliza Bi Moza. "Bibi akasema nini?"

Niliutazama ukurasa. Nilitafuta neno kichwani, sikulipata. La kwangu nilikuwa nalo. La kwake sikuwa nalo.

"Hajasema, Bibi," nilijibu. "Kitabu kimeishia hapo. Bibi hajajibu."

"Nipe hapa."

Nilimpa. Alikisogeza mbali na macho, akakisogeza karibu. Akapitisha kidole chake chembamba juu ya karatasi.

"Mwanangu," alisema, "mimi herufi hizi sizisomi, lakini kuhesabu najua. Huu ukurasa una mistari mitatu. Mingine yote ni nyeupe. Wewe umesoma kama hotuba ya Ijumaa."

"Umeona, Mama!" Shangazi Mwaija aliruka. "Uongo mtupu! Wote wawili! Wamekaa wakapanga..."

"Mwaija, kaa chini. Hawajapanga. Wangekuwa wamepanga, huyu asingekuwa ameropoka." Akamgeukia mjukuu wake. "Na wewe. Ulidhani sijui? Alhamisi ya kwanza bibi yako huyo wa kitabuni alikuwa hana sura. Alhamisi ya pili akapata makovu ya ndui. Ya tatu akaanza kunywa chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa yake mwenyewe. Nani hajijui?"

Sihaba alifunika uso kwa kanga. "Bibi, kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Nilikuwa nimenogewa. Miaka sabini nimekaa nyumba hii na ile, hakuna aliyewahi kunitia kitabuni."

"Mama," alisema shangazi, na safari hii sauti yake ilikuwa chini, "na mwanangu Salehe nimwambie nini?"

"Salehe amekutuma?"

Shangazi alianza kukusanya sahani.

"Nimekuuliza, Mwaija. Amekutuma?"

"Hajanituma. Nimemwonea huruma. Anakaa dukani peke yake, hata kupika hajui."

"Basi mfundishe kupika. Usimchukulie mtoto wa watu kama kijiko." Bi Moza alikifunga kitabu, akanirudishia. "Bibi anajibu. Ijumaa, baada ya swala, wazee wako wa Kisesa waje kwa mwanangu Abeid. Waje wamekula, maana maneno yatakuwa mengi. Abeid atakataa. Ndiyo kazi yake, atakataa. Nami nitakuwepo, nimekaa pale pale nilipokuwa nimekaa kitabuni. Maana hata Abeid nilimzaa mimi."

Nilitaka kushukuru. Badala yake nikasema, "Kitabu hiki ni kibaya, Bibi. Aliyekiandika alikosea sana."

"Ndiyo," alisema Bi Moza. "Alimsahau bibi."

*

Tulirudi jua likiwa bado juu ya milima ya upande wa pili. Tulipofika mbele ya Jiwe la Bismaki, Shangazi Mwaija alipiga kelele.

"Miguu yangu! Maji! Fundi, mashua inaingiza maji!"

"Ndiyo, Shangazi," nilisema. "Niliiziba vibaya. Jana nilikuwa na hasira."

"Anasema kwa mdomo wake mwenyewe! Mama, huyu ndiye unayetaka kumpa mjukuu wako?"

"Angalau hilo hakulisoma kitabuni," alisema Bi Moza, akipandisha miguu yake juu ya kikapu.

Sihaba alichukua sufuria la pilau, akaja nyuma karibu yangu, akaanza kuchota maji na kumwaga. Alichota kwa ghadhabu. Nusu ya maji yalinimwagikia mimi, na sikudhani kwamba ni kwa bahati mbaya.

"Miezi mitatu," alisema kwa sauti ya chini. "Miezi mitatu nimejenga, wewe umebomoa kwa neno moja. Nilikuomba kitu kimoja. Kimya."

"Na wewe kwa nini uliweka ukindu pale? Ijumaa nafungua kitabu, nakuta unaniambia nenda zako, baba amesema!"

Alisimama na sufuria mkononi. "Nakuambia?"

"Ukindu ulikuwa pale."

"Luhaga, pale ndipo nilipoishia Alhamisi!"

"Na wiki ile ya wanaocheka mvuani?"

"Niliishia pale."

"Na leso?"

"Niliishia pale! Huo ni wa kushikia ukurasa!" Kisha macho yake yakapanuka. "Ni wewe uliyekuwa unauhamisha? Kila Alhamisi natafuta ukurasa kama mwendawazimu, Bibi ananisubiri, wanawake wananisubiri, nadhani nyumbani kuna jini!"

"Nilikuwa nakujibu."

"Unanijibu."

"Kila wiki."

Alinitazama, na nilidhani atanipiga na sufuria. Midomo yake ilianza kucheza. Akacheka, akajiziba mdomo kwa kiganja, machozi yakamtoka huku anacheka, na Nkwabi kule mbele akapiga kasia hewani kwa sababu alikuwa anatutazama sisi badala ya maji.

Alikitoa kile kipande cha ukindu mwekundu katika kitabu kilichokuwa pajani pangu, akakifunga kwenye kidole changu chenye lami.

"Huu hauna maana yoyote," alisema. "Umenielewa? Ukitaka neno langu, niulize mimi. Usiulize majani."

"Basi nakuuliza."

"Sasa hivi? Shangazi anatazama."

"Nakuuliza wewe. Si baba, si Bibi, si kitabu. Unanitaka?"

Aliangalia maji yaliyokuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu yetu. Akaliangalia lile jiwe. Kisha akaniangalia mimi, hakukwepesha macho.

"Ndiyo," alisema Sihaba. Halafu akanitia sufuria mkononi. "Sasa chota maji, tusizame kabla ya Ijumaa."